Gari la Jumapili Alasiri

Tabora Mjini
5 Mei 1980

Kwako Bibi Siwema, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi mumeo Masolwa sijambo, afya ipo, chakula kipo siku nyingine, sabuni haipo siku zote. Wewe je? Magoti je? Salaam nyingi kama mchanga wa Manonga wakati wa kiangazi zimfikie jirani yetu Kashindye na ngiri yake, mwalimu Koleta wa kisomo, na yule beberu wa pembe moja. Mwambie beberu nimemsamehe.

Sasa sogeza kigoda. Siku naondoka ulishika mlango ukasema: "Mvua ya kwanza ikikukuta mjini huna kazi ya kueleweka, unarudi kulima pamba." Bibi, hiyo mvua ije hata kesho. Kazi nimepata. Nimeajiriwa katika mambo ya usafiri. Si mkokoteni, si lori la mkaa. Ni gari dogo jeupe la Bwana Damas, meneja wa ghala moja kubwa hapa. Katikati ya wiki naliosha, naenda sokoni kwa niaba ya mkewe, Mama Eustadia. Lakini utamu wenyewe ni Jumapili.

Huko kwenu labda hamjasikia, maana gari likipita mnalihadithia mwezi mzima. Mafuta yamekuwa adimu, kwa hiyo Jumapili kuanzia saa nane mchana ni marufuku kuendesha gari. Barabara ya Stesheni inabaki tupu, safi, ndefu, ya bure. Hapo ndipo utajua watu hatufanani. Upande wa juu, penye vivuli, wanatokea wakubwa na wake zao, wanatembea. Usiniulize wanakwenda wapi, hawaendi popote. Wanafika mwisho wa barabara, wanageuka, wanarudi walikotoka, wanafuta jasho na kusema leo wamepumzika. Katikati, mbele ya duka la Mzee Kanji, familia yake inatoa viti vyote vya ndani, na mkewe Usha anachora mstari wa chaki, wanapigiana kitu chenye manyoya kwa vibao vya nyuzi. Hakuna anayeshinda. Wakikosa wanacheka. Upande wa chini, penye jua, ndio sisi wa mtaa wa Ng'ambo: vijana tunacheza mpira wa chandimu, mama zetu wamekaa. Wiki nzima mkubwa amekaa kitini, kupumzika kwake ni kutembea. Wiki nzima mama yake Silasi, mchezaji mwenzangu, anatembea na kuni kichwani, kupumzika kwake ni kukaa. Kila mtu anapumzika kwa kazi ya mwenzake.

Lakini mimi, Bibi, niko kwenye msafara wa gari. Saa kumi gari letu linapita barabara nzima, peke yake, na askari anaangalia tu. Bwana Damas amevaa koti na tai, anapunga mkono. Watu wanatupisha. Mimi siko mbali naye hata hatua mbili.

Jambo dogo la mwisho. Nina rafiki yangu anaumwa mabega na viganja. Nitumie mafuta ya nyonyo, chupa kubwa. Yeye ni mrefu kiasi changu, kwa hiyo pima kwa kunikumbuka mimi.

Mumeo mwenye gari,
Masolwa Lugembe (Darasa la Tano)


Kijijini, Igunga
8 Juni 1980

Mume wangu usiyetoa mahari,

Marahaba. Mwangaluka, kama bado unakumbuka lugha ya kwenu. Magoti yapo, yote mawili. Pamba tumeshapeleka kwenye chama, panya wamekula gunia moja kabla yetu. Kashindye ngiri imemzidi, anatembea kama amebeba mtungi katikati ya miguu. Beberu anasema yeye hajakusamehe.

Utauliza barua yako amenisomea nani. Hakuna. Nimesoma mwenyewe, siku tatu, na hii naiandika kwa mkono wangu. Mwalimu Koleta ameniwekea nukta tu. Kwa hiyo usitumie tena jina la Darasa la Tano kunitishia, mimi nimeingia hatua ya tatu ya kisomo na sijawahi kufukuzwa shule kwa kupanda juu ya paa la ofisi.

Mahali pengine nilisoma mara mbili, maana uongo unasomeka taratibu. Nina maswali. Kama magari yote yamekatazwa, la kwenu linakunywa nini? Umesema huko mbali na huyo bwana hata hatua mbili. Mbele au nyuma? Na mtu anayepanda gari anaumwaje mabega? Ah, nimesahau, ni rafiki yako.

Halafu hao wakubwa wanaotembea mikono mitupu, wametumwa na nani? Baba yangu alitoka Kwihara hadi Bagamoyo mara nne, na ratili sabini begani. Kwenda mara nne na kurudi mara nne. Angemwona mtu mzima anafika mwisho wa njia na kugeuka bila kubeba hata kuku, angeita ndugu zake wamshike taratibu.

Mafuta nimempa kondakta. Mwambie rafiki yako ajipake akiwa amejinyoosha, na aache kuinama.

Neno langu la mlangoni liko pale pale.

Mkeo,
Siwema


Tabora
23 Juni 1980

Kwako mke wangu msomi,

Shikamoo. Nimepokea mafuta na barua. Mwandiko wako umelala upande mmoja kama wapiga kura waliochoka, ila umesomeka. Rafiki yangu amepona bega la kulia, anasema ahsante, anasema pia wewe ni mbea kidogo. Hayo ni maneno yake, si yangu. Pole kwa panya.

Nakujibu kwa mpangilio. Kunywa: gari letu Jumapili halinywi kitu. Ndiyo maana halivunji sheria. Ni maendeleo, Bibi, mtayapata huko baadaye. Mbele au nyuma: inategemea na mteremko. Mabega: nimeshasema ni ya rafiki.

Ngoja nikupe habari ya michezo. Juzi Jumapili Ng'ambo tulicheza na mtaa wa Isevya, mbili kwa mbili, mimi nimefunga zote mbili, moja kwa kichwa, ingawa Silasi atakuambia ni kwa sikio. Silasi ndiye golikipa wetu. Saa kumi honi ikalia kwa Bwana Damas. Mimi na Silasi na wenzetu wawili tukaitwa kazini, mchezo ukasimama, mawe ya goli yakasogezwa gari lipite. Watoto wa Isevya hawakuyasogeza vya kutosha, wala mpira hawakuutoa. Gari likaupiga mpira, mpira ukaingia golini kwetu, gari likaufuata. Isevya wakashangilia: tatu kwa mbili. Sisi tukasema haiwezekani, mfungaji ni meneja. Wakasema hakuna kanuni inayomkataza meneja kufunga. Na golikipa alikuwa wapi? Golikipa alikuwa ameshika gari, ubavu wa kushoto

Samahani, hapo kalamu imeteleza. Golikipa alikuwa karibu na gari.

Basi ndivyo inavyokuwa kila Jumapili. Mchezo unasimama, gari linapita, linafika kwa wakubwa wenzake, linasifiwa, linageuzwa, linarudi, mchezo unasimama tena. Kwa Mzee Kanji wanaondoka kwenye mstari wao, Usha anashika kile chenye manyoya kifuani kama kifaranga. Vijana wa mtaani wananizomea. Nawajibu kwamba wana wivu.

Mvua bado mbali. Usianze kunoa jembe langu.

Mumeo wa idara ya usafiri,
Masolwa


Tabora
18 Agosti 1980

Bibi,

Shikamoo. Wiki ya nane sasa hujaandika. Kila basi la Igunga likija namsubiri kondakta, ananiambia hana kitu, ananiangalia kama namdai mke. Magoti yamezidi? Kisomo kimefungwa? Au ni lile neno la "mbea"? Nilisema ni la rafiki yangu. Huyo rafiki nimeshamkataza.

Huku ni shwari. Gari lipo. Jumapili zinakuja haraka mno.

Jibu hata mstari mmoja.

Masolwa


Kijijini, Igunga
2 Septemba 1980

Mume wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kwa nini sikuandika ni shauri langu. Habari za hapa: visima vimeshuka, Koleta amepata mchumba mwenye redio, na Kashindye amepasuliwa ngiri yake huko Tabora, hospitali ya Kitete, amerudi mwepesi, anaruka mifereji.

Sasa huyo Kashindye. Alipotoka wodini walimwambia apumzike siku chache kabla ya basi. Jumapili akajikongoja hadi Barabara ya Stesheni, akakaa kwenye jiwe. Aliporudi alikuja kwangu, akanywa uji wote, halafu akasema, "Siwema, mjukuu wako nimemwona."

Nikamwambia, "Yuko ndani ya gari?"

Akasema, "Sijui kama niseme ndani. Nilichoona ni matako. Uso ulikuwa umeegemea buti la gari, anasukuma. Wanne wanasukuma, na mmoja ndani anapunga mkono kama anafukuza nzi."

"Linasukumwa kwa kuwa limeharibika?"

"Halijaharibika. Limekatazwa."

Nilicheka siku mbili, halafu sikucheka tena. Ndiyo maana sikuandika. Haya, nimesema.

Sikiliza, wewe uliyezaliwa na binti yangu. Unadhani nitakutukana kwa kubeba mtu? Sisi tumebeba. Baba yangu alibeba shaba, akabeba nguo, akabeba mzungu mwenye homa kwenye machela siku kumi na moja, na alipofika Kwihara watu walimpigia vigelegele. Ulichokosea si kubeba, ni kubeba kama punda. Wapagazi walikuwa na utaratibu wao. Mbele anakwenda kirangozi, ndiye mwongoza msafara, na bendera yake. Hakuna wa kumpita, hata mwenye mali. Anayempita anatozwa faini. Wimbo unaimbwa, anayebebwa anatukanwa ndani yake na hana la kufanya. Na mzigo ukizidi haki, watu hawapigi kelele, hawamgombezi mtu. Wanatua. Wanaweka mzigo katikati ya njia, wanakaa juu ya visigino, wanaomba tumbaku. Mwenye mali anazunguka anasema maneno yote anayoyajua. Yakimwishia, wanazungumza.

Wewe unasukuma bila wimbo, bila kirangozi, unapitisha mzigo katikati ya mpira wako mwenyewe, unafungwa bao na mtu uliyemsukuma wewe, halafu unaniandikia maendeleo.

Nilisema kazi ya kueleweka. Maana yake ni kazi ambayo ukiulizwa mbele au nyuma, unajibu. Mvua ni Novemba.

Siwema


Tabora
6 Oktoba 1980

Kwako Bibi,

Shikamoo, shikamoo mara ya pili. Mwambie Kashindye nimefurahi amepona, na kwamba mtu aliyepasuliwa anatakiwa kulala chali, si kuhesabu matako ya watu.

Nyuma, Bibi. Huwa niko nyuma. Na rafiki mwenye mabega ni mimi. Haya, tumemaliza.

Barua yako niliwasomea Silasi na wale wawili, yote, pamoja na pale pa punda. Silasi akasema, "Bibi yako ana mume mjinga lakini ana akili." Tukakubaliana. Jana saa kumi honi ikalia, tukaenda, tukasukuma kama kawaida hadi chini kidogo ya duka la Mzee Kanji, katikati kabisa ya goli na goli. Hapo tukatoa mikono. Tukakaa juu ya visigino.

Bwana Damas akaendelea kupunga mkono kidogo, kisha akagundua miti haisogei. Akatoa kichwa dirishani.

"Vipi, vijana?"

"Tumetua, mzee," nikasema.

"Mmetua nini?"

"Mzigo."

"Mzigo gani? Gari halina mzigo."

Silasi akasema, kwa adabu zote, "Wewe, mzee."

Akasema atatufukuza kazi. Tukaomba tumbaku. Akasema yeye si mtu wa kuchezewa, anajuana na fulani na fulani. Hakuna kati yetu anayevuta, lakini tukaomba tena. Akasema, "Nitashuka hapo." Nikamwambia, "Shuka tu, mzee, barabara ni ya wote." Hakushuka. Hapo ndipo tukaanza kushangaa. Mkewe, Mama Eustadia, akaja kutoka upande wa vivuli na wake wenzake, akasema, "Baba, shuka twende zetu, watu wanatazama." Bwana Damas akamnong'oneza kitu. Mama Eustadia akatazama ndani ya gari, akafunga mdomo, akaenda kusimama mbali kama hamjui.

Akaja askari. "Mzee, hili gari linaendeshwa?"

"Haliendeshwi."

"Basi liondoe barabarani."

"Nikiliondoa nitakuwa nimeliendesha."

Askari akafikiri. Akavua kofia, akafikiri bila kofia. Mwisho akaenda kwa Mzee Kanji kuomba chai, ashibe kwanza sheria ije baadaye. Usha ni mtu wa huruma, akaona na meneja naye apate kikombe. Akakipeleka dirishani. Alipoinama kumpa akapiga ukelele mdogo, akajifunika uso kwa nguo yake, mabega yakawa yanatikisika. Bibi, yule bwana juu ana koti na tai, chini ana msuli uliochakaa na miguu mitupu. Suruali ya suti ilipasuka tangu Machi, kitambaa madukani hakuna hata kwa meneja, na dirisha la gari linaonyesha mtu nusu. Kumbe ndiyo maana hatembei na wenzake. Miezi yote hii tunamsukuma kwa sababu ya suruali.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nami nina suruali moja.

Basi tukaona tusipoteze jua, mpira ukaanza, gari likiwa katikati kama kichuguu. Mtoto wa Isevya akamkata Silasi mtama, na pale pale honi ikalia. Wote tukasimama. Bwana Damas akatoa kidole dirishani: "Faulo. Mpira uwe hapo." Na kweli ilikuwa faulo. Baada ya hapo hakuacha. Aliamua mchezo mzima kwa honi, chai mkononi, amevua na tai. Wakubwa wakashuka kutoka kwenye vivuli kuja kuangalia, wakasimama kwenye jua letu, wakalalamika kama watu. Bao langu la tatu alilikataa. Alisema nilikuwa nimezidi, yaani nimeotea. Sikuzidi.

Jua lilipokaribia kuzama tukazungumza. Masharti yetu: mpira kwanza, gari baadaye. Gari linakaa pembeni, mzee anaamua. Kurudi tunamsukuma kwa wimbo, na mbele anakwenda kirangozi. Akakubali yote, maana angefanyaje na msuli ule. Tukamrudisha tunaimba, ubeti wa pili unahusu suruali, na yeye akapiga honi kwenye kiitikio.

Kwa hiyo kazi yangu sasa ina jina. Mimi ni kirangozi wa Barabara ya Stesheni. Inaeleweka, ina historia, na iko mbele. Jembe langu mgawie Kashindye.

Mumeo,
Masolwa, Kirangozi


Kijijini, Igunga
20 Oktoba 1980

Mume wangu,

Marahaba. Nimesoma kwa asubuhi moja, siku hizi nasoma haraka. Nimecheka pale pa askari.

Kirangozi hajitaji. Anatajwa na wenzake. Nakuja kuwauliza. Basi la Ijumaa, tarehe 31. Usinipikie, nakujua.

Siwema


Kijijini, Igunga
24 Novemba 1980

Kwako Bibi, huko Tabora, kwa mama yake Silasi, Ng'ambo,

Shikamoo. Uliponipandisha basi ulisema nitangulie, utanifuata baada ya siku tatu. Leo ni siku ya kumi na mbili. Nimezihesabu kwa malengelenge. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako, beberu ananitazama, na hakuna anayenipikia ila mimi, kwa hiyo ile ya kunijua ulikuwa na haki.

Nataka tukumbushane yaliyotokea, maana naona wewe umeshayasahau kwa raha. Jumapili ya kwanza ulishuka barabarani na khanga mpya, ukamwita Silasi, ukamwuliza, "Nani kirangozi hapa?" Na Silasi, mtu niliyegawana naye mafuta ya nyonyo, akasema, "Bibi, hatujamchagua." Mkachaguana pale pale. Ukapata kura zote. Hata Bwana Damas alikupigia, kwa honi. Mimi nilijipigia mwenyewe, na kura yangu mkasema imeharibika.

Ukafunga khanga kwenye fimbo, ukatangulia. Ukawakuta wakubwa wanakuja na matembezi yao. "Mnakwenda wapi mikono mitupu, wanangu? Kuna msiba?" Wakacheka, wakadhani ni utani, ukawa umeshampa Mama Eustadia kiti cha Mzee Kanji akibebe kichwani. Mwingine akapewa mtoto wa watu, mwingine ungo wa karanga. Walibeba, Bibi. Nimeona kwa macho yangu wake wa wakubwa wanauliza wanawake wa Ng'ambo kata ya kichwani inakunjwaje, na mama yake Silasi, aliyekaa tu, anawaelekeza kwa kidole, anafurahi kuliko siku zote. Yule afisa mwenye tumbo, anayekimbia kwa ajili ya afya, akakupita. Ukamsimamisha. "Huku hakuna kumpita kirangozi. Faini, ugoro." Akasema hatumii ugoro. Ukamwambia hukumwuliza kama anatumia. Akaenda kuutafuta, akarudi nao, akajipanga nyuma yako, na wewe kwa magoti yale unakwenda hatua moja kwa wiki. Mji mzima wa watu wenye vyeo ulikuwa nyuma yako unasubiri uinue mguu.

Nilijivuna siku ile. Nilimwambia kila mtu ni mke wangu.

Lakini Jumapili iliyofuata, tarehe tisa, mvua ikamwagika. Hakuna mpira, hakuna matembezi. Bwana Damas akafunika gari turubai, akasema, "Vijana, kusukuma tena mpaka kiangazi. Na mke wangu sasa anapenda kwenda sokoni mwenyewe, na kapu kichwani." Nikakutazama. Ulifungua kibindo ukatoa tiketi ya basi. Moja. Ulikuwa umeshainunua tangu Ijumaa, nimeona tarehe.

Haya, nimerudi, neno ni neno. Eka yetu mwenyekiti ameipima kwa kamba, ameniambia kila kaya ipande pamba kabla ya Krismasi. Kashindye anapita njiani anaruka matuta, anauliza nasukuma nini siku hizi. Koleta amenikamata akanitia kisomo, kwenye nafasi yako, akanipa insha ya "Mji wangu." Nikapata nne juu ya kumi. Ameandika pembeni: "Ulikuwapo kweli?"

Unarudi lini, Bibi? Jioni hapa hakuna hata wa kumtania. Nimejaribu kumtania beberu.

Masolwa


Tabora Mjini
15 Desemba 1980

Kwako mume wangu mkulima,

Marahaba. Sijambo kabisa, magoti yamejisahau. Mama yake Silasi anakusalimu. Silasi anakusalimu, anasema lile bao la tatu ulizidi, alikuwa anaona kutoka golini. Salaam kwa Koleta, mwambie nne ni nyingi.

Umeandika vizuri safari hii. Hakuna mahali niliposoma mara mbili.

Nitakuja, ila kuna shughuli kidogo. Unajua mvua ilikataza gari, haikukataza watu. Jumapili zote hizi ikinyesha tunakimbilia baraza la Mzee Kanji, wote, wa juani na wa kivulini. Baraza lenyewe ni dogo, mkubwa anakalia mguu wa mpiga chandimu na hakuna pa kuuhamishia. Mimi nawahadithia njia ya Bagamoyo, kituo kimoja kila Jumapili, na bado hatujavuka Ugogo. Usha amemshonea Bwana Damas suruali kwa pazia la dukani. Ina maua, lakini ni suruali. Sasa anatembea kama wenzake, nyuma yangu, amebeba viti viwili kwa kuwa ana deni la miezi yote ya kubebwa. Gari lake lipo uani chini ya turubai, kuku wanatagia humo, na Mama Eustadia ananitumia mayai.

Hapo kuhusu kukosa wa kumtania, nimepasoma. Nami huku jioni si kwamba nimepata. Watu wa mjini ukimwita mume anatafuta njia ya kukimbia. Usimwambie mtu nimesema.

Lakini neno la mlangoni nililisema mimi, na mvua ya tarehe tisa ilitukuta wawili, tumesimama baraza moja. Mmoja wetu alikuwa na kazi ya kueleweka. Ndiyo maana tiketi ilikuwa moja.

Kwa hiyo panda. Mashimo yawe ya kamba, punje nne nne, usimwage pembeni ili zionekane zimeisha haraka, nakujua. Ukimaliza eka yote, ya kweli, Kashindye akaithibitisha kwa mdomo wake, panda basi uje siku ya Ijumaa. Kuna nafasi ya kubeba.

Mvua ikikatika Jumapili hii tunakwenda hadi Kwihara, kwa miguu, barabara ni yetu tangu saa nane. Wakubwa wameniomba safari hii viti vibaki. Nimewaambia viti vinakwenda, kurudi ndipo tutazungumza.

Mkeo,
Siwema